Nikate tiketi ya ndege lini? Mwongozo wa kupata nauli nafuu

Kila mwaka ikiingia Oktoba simu yangu haipumziki. "Dada, Krismasi tunapanda Moshi, nikate lini?" "Dada, mwanangu anarudi likizo kutoka Uturuki, bei itashuka?" Nimekata tiketi za watu hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, za harusi na za misiba, na bado roho inaniuma nikiona mtu amelipa karibu mara mbili ya nauli ya jirani yake wa siti. Mara nyingi pesa ile ingebaki nyumbani kwake kama angejua mambo machache tu. Hayo ndiyo ninayoyaandika hapa.

Kwanza tuondoe imani moja. Watu wameambiwa kuna siku ya siri ya kununua, eti Jumanne usiku wa manane ndiyo bei inashuka. Habari hiyo ilitoka Marekani, enzi ambazo mashirika yalikuwa yakipeleka nauli mpya kwa saa maalumu, na washindani wakizijibu ndani ya siku moja au mbili. Leo nauli hubadilika mara nyingi kwa siku moja, na katika miaka yangu yote sijaona Jumanne ikimwokoa mtu. Siku unayoruka ina uzito mkubwa sana. Siku unayolipia ina uzito hasa kwa jambo moja: siti ngapi za bei ya chini zimebaki.

Bei inavyopanda

Siti za daraja la kawaida zinafanana, lakini kwenye kompyuta zimegawanywa mafungu, na kila fungu lina herufi yake. Y kwa kawaida ndiyo ya juu kabisa, halafu zinafuata B, M, H, K, Q na nyinginezo kwa mpangilio wa shirika lenyewe. Fungu la chini lina siti chache. Likiisha, unaonyeshwa linalofuata, na hapo ndipo mtu anapolalamika kwamba bei imepanda usiku mmoja. Kuna pia watu na programu kwenye shirika wanaoamua kila fungu lipewe siti ngapi. Wakiona ndege haijai wanafungua tena fungu la chini, na bei inashuka. Hutokea, ila haitokei kwenye siku zinazogombewa.

Ndege ikiwa ndogo, mafungu ya chini nayo ni madogo. Zile ndege za pangaboi aina ya Q400 za Air Tanzania zina siti 76, na Airbus A220-300 zina 132. Ndege ya siti 76 ikipata kundi moja la semina na familia mbili za harusi, siti za bei nafuu zimekwisha, hata kama ukiingia ndani ya ndege utaona nafasi.

Hapa kuna jambo ambalo limeokoa pesa za wateja wangu wengi. Tuseme baba, mama na watoto wawili wanakwenda Mwanza. Fungu la chini limebaki na siti 2 kwa shilingi 180,000, na linalofuata ni 240,000. Ukitafuta siti 4 kwa pamoja, kompyuta inatafuta fungu lenye siti 4, kwa hiyo wote wanne wanatozwa 240,000, jumla 960,000. Ukitafuta wawili wawili, wa kwanza wanapata kwa 180,000 na waliobaki kwa 240,000, jumla 840,000. Shilingi 120,000 zimebaki mkononi. Kwa hiyo kabla ya kulipia familia, tafuta kwanza bei ya mtu mmoja, kisha wawili, kisha wote. Ukigawanya, kila mtoto awe kwenye oda moja na mtu mzima, na uwaambie shirika kwamba namba za oda hizo mbili ni za familia moja, ili mkae pamoja na ndege ikibadilishwa msitenganishwe.

Hatua ya kwanza: jiulize nani mwingine anaitaka siku yako

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na haihitaji intaneti. Chukua kalenda, uangalie tarehe yako ya kwenda na ya kurudi, halafu ufikirie watu.

Desemba, Dar inahamia Kilimanjaro. Wachaga wanakwenda nyumbani, na siku kati ya tarehe 18 na 24 ndege za kwenda KIA, uwanja wa Kilimanjaro, zinagombewa kuliko wakati mwingine wowote. Kurudi, shida iko kati ya tarehe 2 na 6 Januari, kabla shule na kazi hazijaanza. Sasa tazama upande wa pili: ndege ileile iliyopeleka watu KIA tarehe 22 lazima irudi Dar, na inarudi na watu wachache. Mtu wa Arusha anayekuja Dar kula Krismasi na dada yake anaweza kupata nauli nzuri siku ambayo jirani yake anayekwenda upande mwingine analia. Kwa hiyo usiulize tu "Desemba ni ghali?" Uliza ni ghali kuelekea wapi.

Dodoma ina msimu wake. Bunge la bajeti linaanza Aprili na kwenda hadi mwisho wa Juni, na miezi hiyo ndege za Jumatatu asubuhi kutoka Dar na za Ijumaa jioni kurudi hujaa wabunge, watumishi na watu wenye shida zao wizarani. Ukiweza kwenda Jumanne mchana, nenda Jumanne mchana.

Kenya, ndege za Nairobi kwenda Mombasa na Ukunda hukaza Pasaka, Agosti na Desemba, shule zikifungwa. Kaskazini mwa Tanzania, Julai hadi Oktoba watalii wanafuata nyumbu wanaovuka Mto Mara, na ndege za Ulaya zinazotua KIA zinajaa wao. Julai na Agosti ndugu zetu walioko Oman na Ghuba wanakimbia joto na kuja Zanzibar na Pemba kwa kuwa shule za kule zimefungwa. Wafanyabiashara wa Kariakoo nao wana tarehe zao: maonyesho ya Canton kule Guangzhou hufanyika mara mbili kwa mwaka, kuanzia katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba. Kama huendi kwenye maonyesho yenyewe bali viwandani, sogeza safari iwe nje ya wiki hizo. Ila usisogeze hadi mwaka mpya wa Kichina, Januari au Februari, maana utapata nauli na kukuta viwanda vimefungwa.

Idd inahitaji uangalifu wa pekee. Kalenda ya Hijria hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo ukichukua bei ya Idd iliyopita na kuiweka kwenye tarehe zilezile mwaka huu, umepotea. Na kwa kuwa mwezi unaweza kuandama au usiandame, acha siku moja ya ziada kabla ya sikukuu. Kukata tiketi ya kufika siku yenyewe ya Idd ni kucheza na moyo wa mzazi anayekusubiri.

Ukishajua siku yako inagombewa na nani, unaweza kusogea. Siku mbili tu mbele au nyuma hufanya kazi kubwa kuliko ujanja wowote wa kununua. Aprili na Mei, mvua za masika zikinyesha, nauli za kuja pwani yetu huwa laini, na vivyo hivyo katikati ya Januari hadi Februari baada ya watu wa sikukuu kurudi makazini.

Hatua ya pili: hesabu wanaoruka njia yako

Fastjet ilipoanza Novemba 2012 kati ya Dar, Mwanza na Kilimanjaro, watu ambao hawajawahi kupanda ndege walipanda. Ilipoacha kuruka nchini mwishoni mwa 2018, nafuu hiyo iliondoka nayo. Kenya walipata Jambojet mwaka 2014, na tangu 2017 treni ya Madaraka Express imekuwa ikibeba abiria ambao zamani wangepanda ndege au basi kati ya Nairobi na Mombasa. Sisi treni ya SGR imefika Dodoma mwaka 2024, na mtu wa Dodoma sasa ana njia nyingine ya haraka ya kulinganisha.

Njia yenye mashirika mawili au matatu, na treni au barabara nzuri pembeni, ina ofa na unaweza kusubiri kidogo. Njia yenye shirika moja na ndege chache kwa wiki haina sababu ya kukushushia bei. Huko ukiona bei unayoimudu, kata siku hiyohiyo.

Angalia pia viwanja vya karibu. Anayekaa Arusha ana kiwanja cha Arusha, ana KIA, na ana Nairobi kwa basi kupitia Namanga. Anayekaa Bukoba anaweza kupiga hesabu ya Entebbe. Zanzibar na Dar zimetenganishwa na boti ya takriban saa mbili, na wakati mwingine ndege ya Doha au Istanbul kutoka upande mmoja ni nafuu sana kuliko upande wa pili siku hiyohiyo. Lakini ukijiunganishia mwenyewe kwa tiketi mbili tofauti, fahamu kwamba ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungoji na hakuna anayekulipa. Kwa safari ya aina hiyo mimi humwambia mteja alale usiku mmoja katikati.

Hatua ya tatu: anza kuangalia kabla hujataka kununua

Mashirika mengi makubwa hufungua mauzo kati ya siku 330 na 360 kabla ya safari. Kununua siku ya kwanza si lazima kuwe nafuu, maana mafungu ya chini mara nyingi hayajafunguliwa yote. Faida ya kuanza mapema ni kujua bei ya kawaida ya njia yako, ili ukiona ndogo uijue kuwa ni ndogo.

Fungua Google Flights au Skyscanner, weka njia yako, halafu angalia kalenda ya mwezi mzima badala ya siku moja. Google Flights ina sehemu ya kufuatilia bei. Iwashe, utapata barua pepe bei ikibadilika. Baadhi ya mashirika yetu ya ndani hayaonekani vizuri huko, kwa hiyo ingia pia kwenye tovuti zao au mpigie wakala. Na ukishapata ndege, linganisha na tovuti ya shirika lenyewe. Tofauti ikiwa ndogo, nunua kwa shirika. Siku ndege ikifutwa utafurahi kwamba huhitaji kumtafuta mtu wa katikati.

Mimi bado nina daftari. Kila njia ina ukurasa wake, na mstari mmoja unasomeka hivi: tarehe niliyoangalia, tarehe ya safari, bei, herufi ya fungu, siti zilizobaki. Ukiona maneno "siti 3 zimebaki kwa bei hii", maana yake ni fungu lile, si ndege nzima. Mistari mitano au sita ya wiki tatu inatosha kukuonyesha kama bei imetulia au inapanda ngazi.

Hatua ya nne: weka kikomo, kisha ukate

Hivi ndivyo vipimo ninavyotumia na watu wangu. Safari ya ndani ya nchi siku ya kawaida, wiki 3 hadi 6 kabla. Nchi jirani kama Nairobi, Entebbe, Kigali au Bujumbura, mwezi mmoja hadi miwili. Ghuba, Ulaya, China, Marekani, miezi 2 hadi 5. Siku inayogombewa ongeza: KIA ya Krismasi ninataka iwe imekatwa kufikia Septemba, na aliyeko London au Minneapolis anayetaka kula Krismasi Tanzania au Kenya nitamsukuma akate kati ya Juni na Agosti.

Usivuke wiki tatu za mwisho bila tiketi. Nauli nyingi za nje zina sharti kwamba zinunuliwe siku 21, 14 au 7 kabla ya safari. Siku hiyo ikipita fungu linafungwa hata kama siti zipo, na ndiyo sababu mtu aliyeona bei Jumapili anaikosa Jumatatu. Wanaosema ndege hushusha bei dakika za mwisho ili isiruke tupu wanafikiria daladala. Shirika linajua kwamba anayenunua leo kwa safari ya kesho ana mkutano au ana mgonjwa, na atalipa.

Mwaka mmoja mimi mwenyewe nilifanya kosa hili. Septemba niliona nauli ya KIA ya mama yangu, ilikuwa nzuri, nikasema Oktoba kutatoka ofa. Ofa ilitoka, ila tarehe za Desemba hazikuwamo. Ofa nyingi huziondoa siku za sikukuu kwa maandishi madogo chini kabisa. Novemba bei ikawa imenishinda, mama akaenda kwa basi tangu alfajiri hadi jioni, na magoti yake yalivimba hadi Krismasi ikapita. Tangu siku hiyo ninaandika kikomo kwenye daftari kabla ya kuanza kutafuta: "nikiona kiasi hiki au chini yake, ninakata, na ikifika tarehe hii ninakata kwa bei yoyote iliyopo."

Ukishakata, usiendelee kuangalia kila siku kwa uchungu. Kuna hali moja tu ya kuangalia tena. Safari inayoanzia au kuishia Marekani, ukinunua moja kwa moja kwa shirika siku 7 au zaidi kabla ya safari, sheria ya kule inalitaka shirika likuruhusu kufuta bila makato ndani ya saa 24, au likushikilie nauli kwa saa hizo bila malipo. Kwa hiyo kesho yake asubuhi angalia mara moja. Ikiwa imeshuka, nunua ile mpya kwanza halafu ufute ya jana.

Hatua ya tano: jumlisha yote

Sehemu ya bei haishuki hata ukinunua mwaka mzima kabla: tozo za uwanja, za usalama, kodi, na nyongeza ya mafuta ambayo kwenye mchanganuo wa tiketi huandikwa YQ au YR. Ndiyo maana tangazo la nauli ndogo linakuja kuwa kubwa kwenye ukurasa wa kulipia. Linganisha bei ya mwisho tu.

Kisha mizigo. Nauli za chini kabisa siku hizi mara nyingi ni za begi la mkononi peke yake, na sisi hatusafiri hivyo. Kuna mchele wa Kyela, kuna dagaa, kuna vitenge vya shangazi. Tiketi iliyo ghali kidogo lakini inayobeba mabegi mawili ya kilo 23 inaweza kuwa ndiyo nafuu.

Na usiitupe ndege ya kwenda ukidhani utatumia ya kurudi. Kwenye tiketi ya kwenda na kurudi, ukikosa kutokea safari ya kwanza, kwa kawaida shirika linafuta zilizobaki.

Kama unahitaji viza

Usilipie tiketi isiyorudishwa pesa kabla ya viza. Maombi ya viza ya Schengen, ya nchi nyingi za Ulaya, yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15, kwa hiyo omba mapema, viza itoke, uwe bado ndani ya kile kipindi cha miezi 2 hadi 5. Pale ubalozi unapotaka kuona mpango wa safari, wakala anaweza kukuwekea nafasi isiyolipiwa, yenye namba yake, kwa muda. Nimewahi kumwona kijana amenunua tiketi kamili kwa akiba ya mwaka, viza ikanyimwa, na alichorudishiwa kilikuwa tozo za uwanja tu.

Safari ya ghafla

Kuna safari ambazo hazina wiki tatu. Msiba umetokea Bukoba, mgonjwa amepelekwa Mumbai, na hapo maneno yangu yote ya juu hayasaidii kitu. Fanya haya. Tafuta kwenda tu kwanza, maana kwa njia za ndani kila upande una bei yake, na hujui utarudi lini. Tafuta mtu mmoja mmoja, kwa sababu siti moja ya fungu la chini inaweza kuwa imebaki hata siku ya mwisho. Uliza viwanja viwili: Mwanza badala ya Bukoba, kisha barabara au meli. Uliza ndege ya alfajiri na ya usiku, ambazo wenye mikutano hawazitaki.

Michango ya ukoo ikiwa bado inaingia kwenye M-Pesa, mwombe wakala aweke nafasi na akuambie saa ya mwisho ya kulipia. Nafasi hiyo inaweza kudumu saa chache, na siku za sikukuu isikubalike kabisa, lakini inafaa kuomba. Wakati mnasubiri, mteue mtu mmoja ambaye hajaelemewa, ashike kitambulisho au pasipoti ya msafiri na amsomee wakala majina yote herufi kwa herufi. Usiku wa msiba watu hutuma jina la nyumbani, na jina likikosewa kwenye tiketi, kulirekebisha kunaweza kuwagharimu kiasi ambacho ndugu wametoka kuchanga.